Kabla Hujanunua Corvette ya Zamani

Vijana wa gereji hapa Mwanjelwa, Mbeya, wakiona gari kuukuu hukimbilia kugonga bodi kutafuta kutu. Kwa Corvette, gari la michezo la Chevrolet ya Marekani, hupati kitu: bodi ni faiba (fiberglass), isiyoshika kutu, tangu 1953. Lala chini, umulike chesisi. Hiyo ni chuma, na huoza kimyakimya karibu na magurudumu ya nyuma. Ikiwa ni “coupe” (yenye paa gumu) ya 1963, kioo cha nyuma kiwe vipande viwili. Ni mwaka huo tu. Wapo waliokata ule mhimili wa kati ili waone nyuma vizuri, wakaondoa kitu chenyewe wanachokililia wakusanyaji leo! Usukani uko kushoto, utazoea. Ukishaifikisha Mbeya, punguza mafuta kwenye kabureta: huku juu hewa ni nyepesi, usipopunguza plagi zitajaa masizi.