Jeli ipi utumie kupima protini za damu baada ya sumu ya viuatilifu

Kama unapima damu ya panya au watu waliokutana na viuatilifu vya oganofosfati, usikimbilie SDS-PAGE (jeli ya akrilamaidi inayotenganisha protini kwa umeme, ikiwa na sabuni kali ya SDS) kisa ndo kila mtu anaitumia. SDS inazikunjua protini zote afu zinajipanga kwa ukubwa, kwahiyo mstari wa albumini, protini iliyo nyingi zaidi kwenye damu, pale kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 66 hivi ukififia utauona, ila enzaimu zinakuwa zishakufa.

Na hizi sumu kazi yao kubwa ni kuzima enzaimu! Butirilikolinesterasi, enzaimu ya damu inayoshambuliwa na oganofosfati, ikizimwa bado ipo, ukubwa karibu uleule, kwenye SDS huoni kitu. Hapo tumia jeli ya neitivu, yaani bila SDS wala kuchemsha sampuli, iendeshe kwenye baridi, nyuzi 4 hivi, afu badala ya kuipaka Coomassie, rangi ya bluu inayoonyesha protini zote, iloweke kwenye rangi ya Karnovsky na Roots inayoonyesha kazi ya enzaimu, mstari wa kahawia ukiwa hafifu kuliko wa kontroo (sampuli isiyokutana na sumu) basi enzaimu imezimwa.

Jeli ya agarosi ni rahisi lakini inakupa makundi tu, albumini, alfa 1, alfa 2, beta na gama, yanatosha kama unafuatilia ini. Ya 2D, inayotenganisha kwa chaji kwanza afu kwa ukubwa, inachambua zaidi, ila gharama, na albumini inafunika protini zilizo kidogo kwenye damu.

Yoyote utakayochagua, weka kiasi sawa kila kishimo, usilinganishe seramu na plazma maana plazma ina fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, na sampuli iliyogeuka nyekundu usiitumie kabisa, himoglobini inaleta mstari wake, kwenye SDS ni pale kilodaltoni 16 hivi. Glavu lazima jamani, akrilamaidi kabla haijaganda ni sumu ya neva.