Jinsi ya kulinganisha vyuo vya serikali kwenye renkingi bila kuchanganyikiwa

Matokeo ya fom siksi yakitoka tu, magrupu ya WhatsApp huku Mwanza yanajaa zile picha za "vyuo bora Tanzania", leo UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) ya kwanza, kesho MUHAS (Muhimbili), watu wanabishana utadhani Simba na Yanga. Mdogo wangu, kabla hujabisha angalia hiyo picha imetoka renkingi gani, yaani orodha gani ya kupanga vyuo, na mwaka gani. Haijaandikwa? Achana nayo.

Halafu jua kila moja inahesabu nini. Webometrics inaipa uzito sana tovuti ya chuo, yaani tovuti ngapi za nje zina linki za kuja kwake, hapo chuo kikubwa chenye idara kibao kama UDSM kina nafuu. THE (Times Higher Education) inaangalia sana tafiti na jinsi watafiti wengine wanavyozinukuu, ndo maana MUHAS, ambayo ni afya tupu, imewahi kuipita UDSM vizuri tu. Hakuna aliyedanganya hapo. QS inauliza maprofesa na waajiri wanakionaje chuo. Ya Shanghai we iache tu, asilimia 30 ya alama ni tuzo za Nobel na medali za Fields (tuzo kubwa ya hisabati) walizopata wahitimu na walimu wa chuo.

Chuo kisipoonekana usikimbilie kusema kibovu. THE inataka machapisho zaidi ya 1,000 ndani ya miaka mitano, sasa chuo kichanga kama cha Butiama kitayatoa wapi? Na ukiona "801–1000" ujue humo ndani vyuo havijapangwa nani kamzidi nani, vimefuata alfabeti tu.

Kingine, orodha nyingi zinaweka vya serikali na vya binafsi pamoja. SAUT ya Malimbe na CUHAS ya Bugando ni vya kanisa, so kama unatafuta vya serikali viruke uhesabu upya mwenyewe. Pia jina la UDSM limebeba vyuo vyake vishiriki vya elimu, Mkwawa ya Iringa na DUCE ya Dar, renkingi haikwambii madarasa ya Mkwawa yakoje.

Sasa shuka kwenye kozi, hapa ndo penyewe. Chukulia dogo wa Ukerewe anataka mambo ya samaki. UDSM wanafundisha uvuvi, SUA (Sokoine, chuo cha kilimo) Morogoro wana ufugaji wa samaki, na namba ya chuo kizima haimsaidii kuchagua. Afungue mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka huu, asome sifa za kila kozi na nafasi zilizopo, halafu atafute mtu wa mwaka wa pili amuulize: maabara mnaingia mara ngapi, fildi mnaenda baharini au ziwani, wanaokamatwa sapu (mtihani wa kurudia) wengi wanakamatwa somo gani? UDSM taasisi yao ya bahari iko Zanzibar, na yeye anataka kurudi kufuga sato kwenye vizimba huku ziwani, hilo lina uzito kuliko kupishana nafasi mia kwenye orodha. Akiwa na muda apite na TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi) hapa Mwanza, awaulize wataalamu wenyewe walisoma wapi na leo wangesoma wapi.