Somo: Kufundisha mapatano ya biashara kwa igizo dhima

Igizo dhima la mapatano huharibikia kwenye karatasi, kabla washiriki hawajafungua mdomo. Mkufunzi akisema tu "wewe muuzaji, wewe mnunuzi, haya anzeni," atapata maigizo: sauti zitapanda, watu watacheka, na mwisho wa kipindi hakuna atakayeweza kueleza nani alipata nini na kwa sababu gani. Kinachofundisha ni namba za siri ambazo kila upande unazo peke yake, na muda wa kutosha wa kuzijadili baadaye.

Hatua ya 1: Andika karatasi mbili za siri

Chukua ununuzi wa viti 200 vya ofisi. Karatasi ya muuzaji iseme: ukiuza chini ya 40 kwa kiti, unapata hasara. Ya mnunuzi iseme: kuna muuzaji mwingine anayetoa viti vilevile kwa 52, kwa hiyo usivuke hapo. Mapatano yanawezekana kati ya 40 na 52, lakini kila mmoja anajua ncha moja tu.

Karatasi isizidi ukurasa mmoja. Iseme unataka nini, kikomo chako ni kipi, na utafanya nini mkishindwana. Usimwandikie mtu tabia. Ukiandika "wewe ni mkali na huna subira," atahangaika kuigiza ukali na kupatana atasahau. Kagua pia kwamba kikomo cha mnunuzi kiko juu ya cha muuzaji. Namba zikigeuzwa kwa bahati mbaya, darasa zima litatafuta mapatano yasiyokuwepo.

Hatua ya 2: Panga watu watatu watatu

Muuzaji, mnunuzi na mwangalizi. Vikundi vyote vifanye kwa wakati mmoja, si kimoja mbele ya darasa. Dakika 10 za kusoma na kujiandaa, 20 za kupatana, 5 za kuandika walichokubaliana na kutia sahihi. Usiziruke hizo 5: mara nyingi hapo ndipo wawili waliopeana mikono hugundua kwamba kila mmoja alielewa tofauti kuhusu nani analipia usafiri.

Sheria ni mbili. Karatasi haionyeshwi kwa mwenzako. Na hakuna kubuni jambo lisilo kwenye karatasi, kama "nina mteja mwingine wa 70." Uongo wa namna hiyo unavuruga matokeo, na unamzoesha mwanafunzi tabia itakayomharibia jina kazini.

Mwangalizi asiandike maoni, aandike matukio tu. Ukurasa wake uonekane hivi:

Dak. 3: muuzaji 58.
Dak. 5: mnunuzi 43.
Dak. 8: muuzaji 51, hakuomba kitu.
Dak. 9: mnunuzi kauliza viti vinahitaji kufungwa na fundi? (swali la kwanza)

Mstari wa tatu una thamani kuliko hotuba nzima ya mkufunzi. Muuzaji kashuka 7 kwa mkupuo, bure.

Hatua ya 3: Mjadala wa baada ya zoezi

Tenga dakika 40, na usikubali kuzipunguza hata mkichelewa. Kwanza, kila mmoja aandike anavyodhani kikomo cha mwenzake kilikuwa kiasi gani. Kisha wabadilishane karatasi. Halafu chora jedwali ubaoni: jozi, namba ya kwanza iliyotajwa, nani aliitaja, bei ya mwisho.

Sasa uliza. Kwa nini jozi hii iliishia 49 na ile 42, ilhali karatasi ni zilezile? Mara nyingi wataona wenyewe kwamba bei ya mwisho ilivutwa na namba ya kwanza. Usimpigie makofi aliyepata bei nzuri kabla ya kusikia mwangalizi. Huenda mwenzake alijiangusha mwenyewe.

Hatua ya 4: Mzunguko wa pili, mambo matatu

Hapa ndipo somo linapokolea. Ongeza malipo na muda wa kufikisha mzigo, na kila upande upewe alama zake:

Muuzaji: alama 5 kwa kila 1 ya bei juu ya 40. Kulipwa mzigo ukifika, alama 30; baada ya siku 30 alama 15, siku 60 sifuri. Kufikisha wiki ya 2 sifuri, ya 4 alama 5, ya 6 alama 10.

Mnunuzi: alama 5 kwa kila 1 ya bei chini ya 52. Kupokea wiki ya 2 alama 30, ya 4 alama 15, ya 6 sifuri. Kulipa mzigo ukifika, sifuri; siku 30 alama 5, siku 60 alama 10.

Wakishindwana, kila mmoja anabaki na 25.

Wanaogawana katikati, siku 30 na wiki ya 4, wanapata alama 40 kwa pamoja nje ya bei. Wanaobadilishana, malipo ya haraka kwa mzigo wa haraka, wanapata 60. Hizo 20 zilikuwa mezani, hakuna aliyeuliza. Na muuzaji aliyekubali 40, siku 30 na wiki ya 4 ana alama 20 tu: afadhali angeondoka.

Maswali yanayoulizwa

*Mwalimu, tunaweza kubadilishana nafasi kwa karatasi zilezile?*
Hapana. Mkishabadilishana karatasi, siri imekwisha. Andika tukio jipya lenye muundo uleule, kwa mfano kodi ya ghala.

*Jozi moja humaliza kwa dakika 5. Niwape kazi nyingine?*
Waache wakae. Kwa kawaida hao wameanza na bei na kukata katikati. Alama zao zikiandikwa ubaoni kando ya za wengine, wataelewa haraka yao iliwafikisha wapi.

*Nina bosi na wasaidizi wake darasa moja.*
Usiwaoanishe. Msaidizi atalegeza ili amani iwepo kesho ofisini. Bosi aanze kama mwangalizi wa kikundi kingine.

*Mtandaoni je?*
Inawezekana. Mtumie kila mtu karatasi yake kivyake, si kwenye kundi. Ongeza dakika 5, na mwangalizi azime kamera na sauti.

*Idadi haigawanyiki kwa tatu?*
Akizidi mmoja, awe mwangalizi wa pili: mmoja ahesabu maswali, mwingine aandike namba. Wakizidi wawili, fanya vivyo hivyo kwenye vikundi viwili.