Somo: Kutambua mbinu ya utafiti na vigeu vyake katika saikolojia ya jamii

Ukipewa muhtasari wa utafiti, usikimbilie vigeu (mambo yanayobadilika na kupimwa). Jiulize kwanza: mtafiti alibadilisha kitu kwa mkono wake, au alitazama tu mambo yalivyo? Wengi hupotezea alama hapa, kwa kuita kila utafiti "jaribio".

1. Fuata kitenzi. "Walijaza" ni hojaji. "Aliketi akihesabu" ni uchunzaji. "Aliwagawa kwa kura" ni jaribio.

Chukua kivuko cha Likoni, Mombasa. Ukikaa pembeni ukahesabu wanaomsaidia mama mwenye mzigo, huo ni uchunzaji. Sasa mtume mwenzako adondoshe kikapu cha ndimu, mara akiwa na simu sikioni, mara bila simu, na kila safari urushe sarafu kuamua zamu ni ya ipi. Hilo ni jaribio, hata kama halikufanyiwa maabara.

2. Taja kigeu huru (kile anachokibadilisha mtafiti) pamoja na viwango vyake. "Simu" haitoshi. Andika: simu sikioni au hakuna simu.

3. Taja kigeu tegemezi (matokeo yanayopimwa) kama kilivyopimwa. "Ukarimu" haupimiki hivihivi. "Idadi ya walioinama kuokota ndimu ndani ya sekunde 30" inahesabika.

4. Saka kivurugaji (kitu kingine kinachoweza kuwa ndicho kilicholeta matokeo). Zamu zote za simu zikiangukia alfajiri, watu wakiwahi kazini, na zisizo na simu zikawa adhuhuri, hutajua kilichowazuia ni simu au ni haraka. Sarafu ipo kwa ajili hiyo.

Jipime kwa utafiti wa wanasaikolojia Darley na Latané, 1968. Mwanafunzi yuko peke yake chumbani, anazungumza na wenziwe kupitia maikrofoni na vifaa vya masikioni, mara anasikia mmoja akipatwa na kifafa. Sauti hiyo ilirekodiwa kabla. Walioamini kuwa ni wao tu wanaosikia, 85% walitoka kuomba msaada kabla sauti haijakatika, walioamini yuko msikilizaji mwingine mmoja, 62%, wanne, 31%. Kigeu huru ni idadi ya wasikilizaji *wanaodhaniwa* kuwepo. Ukiandika "idadi ya watu chumbani" umekosea, maana chumbani alikuwa mmoja tu. Vigeu tegemezi ni viwili: kama aliomba msaada, na alichukua muda gani.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, jinsia yaweza kuwa kigeu huru?*
Vitabu vingi huiita hivyo, ila hakuna anayepigiwa kura awe mke au mume. Utafiti wa aina hiyo uite jaribio nusu (watu hawakugawanywa kwa kura), na usidai kwamba jinsia ndiyo iliyosababisha.

*Kwa utafiti wa Milgram, ambapo washiriki waliamriwa kumpiga mtu shoti za umeme (za uongo), volti si kigeu huru? Zinapanda kila mara.*
La, ndugu yangu. Zinapanda, lakini anayeamua kuendelea au kukoma ni mshiriki. Kiwango alichofikia, katika hatua 30 za volti 15 hadi 450, ndicho kigeu tegemezi. Katika ripoti ya 1963, washiriki 26 kati ya 40 walifika mwisho, na hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo usilazimishe kigeu huru. Kinajitokeza katika matoleo ya baadaye, kwa mfano "mwanafunzi" (aliyejifanya kupigwa umeme) alipohamishiwa chumba kimoja na mshiriki.

*Hojaji ikionyesha kuwa wapweke hutumia mitandao zaidi, kigeu huru ni kipi?*
Hakuna. Andika "vigeu viwili vinavyohusiana". Upweke waweza kumsukuma mtu mtandaoni, mtandao waweza kumtenga, au kukosa kazi kukaleta yote mawili.