Pikapu ya zamani: gonga chesisi kabla ya kupaka rangi

Kama una pikapu yenye umri, usiridhike na kutazama chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, kwa nje. Kutu mbaya huanzia ndani ya boriti zake, tope na chumvi vinapojikusanya bila kukauka. Ingia chini na nyundo ndogo, ugonge taratibu, hasa pale springi za nyuma zinaposhikiliwa na juu ya ekseli. Chuma kizima hulia kwa mlio mkali. Kilicholika hutoa sauti butu, na magamba huanguka. Choma hapo kwa bisibisi; ikizama, rangi haitakusaidia: hapo ni kazi ya fundi wa kuchomelea anayejua chesisi, si kibandiko cha bati.

Kama ni kutu ya juu juu tu, zibua kwanza matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya boriti, kisha ingiza mpira wa maji mpaka yatoke safi. Acha pakauke kabisa, hata kama itachukua siku kadhaa. Sugua kwa brashi ya waya ukiwa umevaa miwani, paka dawa ya kugeuza kutu, halafu praima (rangi ya msingi) na rangi ya chuma. Ndani pulizia nta au grisi nyepesi kwa mrija mrefu.

Tafadhali usipake lami nzito juu ya kutu. Inapendeza machoni, lakini ikipata ufa unyevu hunaswa chini yake, na chuma huendelea kuoza bila wewe kuona. Na mabomba ya breki yanayopita ubavuni mwa chesisi, yapapase pia kama yameliwa na kutu.