Namna ya kulinasa gego la miaka sita, na wenzake wote

Mtoto akikaribia miaka sita, usikae ukisubiri pengo la mbele. Pengo la mbele atakuletea mwenyewe, jino liko mkononi, anataka akalirushe juu ya bati panya ampe jipya. Wewe chukua tochi ya simu, mlaze chali, kichwa mapajani kwako, mwambie aachame. Angalia nyuma kabisa ya mdomo, baada ya gego la mwisho. Hapo ndipo gego la kwanza la ukubwani linapoota, na linaota kimyakimya, kwa sababu halikuhitaji jino lolote ling'oke ndipo lipate nafasi.

Ninatibu meno hapa Ujiji, na hakuna jino ninalochukia kuling'oa kama hilo. Mama anakuja na mtoto wa darasa la nne, shavu limevimba, gego la chini limetoboka mpaka ndani. Nikimwambia ni la kudumu, ananikatalia: "Dokta, hilo si la utoto? Mbona hatukuona pengo hapo?" Na kweli hakuliona, maana halikuwepo.

Kulitambua ni rahisi. Mdomo wa utoto una meno 20, yaani matano kila upande, juu na chini: mawili ya mbele, chonge moja, magego mawili. Anzia katikati, hesabu kwenda nyuma, na penye pengo uhesabu pia. Ukifika la sita, hilo ni la kudumu. Miaka sita, jino la sita. Yako manne, na mtoto mwingine huanza kuyaota kabla hajatimiza sita au baada ya kufika saba. Likichungulia tu, linakuwa fupi kuliko la mbele yake, lina mifereji mirefu juu, na uji na biskuti hujificha humo. Mswaki ukipita kwa mbele tu haulifikii. Uingize kwa upande, ukikingama, usugue sehemu ya kutafunia.

Tumerukia mbele kidogo. Meno ya utoto huanza kati ya miezi sita na kumi, kwa kawaida mawili ya mbele chini, na yote 20 hutimia karibu na miaka mitatu. Aliyeanzia ya juu wazee walimwita kigego na kumwogopa. Kiafya hana tatizo lolote. Aliyefika mwaka na nusu bila hata jino moja, mlete tumwone.

Sasa hili la meno ya nailoni, wengine wanasema ya plastiki. Mtoto anaharisha, ana homa, halafu jirani anamfunua mdomo na kuonyesha uvimbe mweupe penye fizi ya chonge: "Hayo ndiyo yanamuua, mpeleke yakatolewe." Kinachochimbuliwa pale ni chonge changa. Kinaonekana cheupe na laini kwa sababu bado hakijakomaa. Chini yake, ndani ya taya, chonge ya kudumu nayo imeanza kujijenga, na chuma kile kinaweza kuifikia. Mtoto anabaki na kidonda, damu inamtoka, pepopunda inamnyemelea, na kuharisha kunaendelea palepale. Miezi ya kuota meno ndiyo anayotambaa na kutia kila kitu mdomoni, na ndiyo maana anaharisha. Mpe ORS, mnyonyeshe, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kung'oka kwenyewe kunakwenda hivi. Jino la kudumu hukua ndani ya taya, chini ya lile la utoto. Likipanda, mzizi wa la utoto unaliwa taratibu toka chini mpaka jino lilegee. Ndiyo maana linatoka kama kigamba bila mzizi, na wazazi wanakuja wakidhani limevunjikia ndani. Yanaanza mawili ya mbele chini, miaka sita hadi saba, ya juu yanafuata. Mapya yana umanjano na makali yake yana vinundu vitatu. Ndivyo yalivyo, usiyasugue kwa mkaa. Na jipya likiota nyuma ya la zamani, yakawa safu mbili, usikimbilie uzi na kitasa cha mlango. Kama la zamani linacheza, hindi la kuchoma litamaliza kazi, na ulimi utalisogeza jipya mbele. Kama halichezi kabisa na jipya limeshatoka, njoo.

Magego ya utoto hayaendi na hayo. Yanakaa mpaka miaka kumi hadi kumi na miwili, ndipo magego madogo ya kudumu yanapochukua nafasi zake. Kwa hiyo gego la mtoto wa miaka sita lililotoboka tunapenda kuliziba, kwani bado lina kazi ya miaka minne au zaidi. Likitoka mapema, lile la sita linasogea mbele kama watu kwenye benchi la kliniki mwenzao akiinuka, na anayekuja anakuta pamejaa. Chonge nyingi za juu ninazoziona zimepanda juu ya fizi, chanzo chake ni hicho. Zenyewe huchelewa, hata miaka kumi na miwili.

Dawa ya meno iwe yenye floridi: chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele, kuanzia mitatu, punje ya njegere. Ateme, asisukutue. Mpigishe mswaki wewe mwenyewe mpaka afike miaka saba au minane. Asilale na chupa ya chai ya sukari.

Karibu na miaka kumi na mitatu, hesabu meno 28. Yale manne ya mwisho huja kati ya 17 na 25, na wengine hawayapati kabisa.

Na akidondoka mpirani, jino la kudumu likang'oka zima, ulishike kichwani, yaani sehemu inayoonekana mdomoni, siyo mzizini. Lioshe haraka kwa maziwa au maji safi bila kulisugua, ulirudishe kwenye tundu lake, aume kitambaa. Ukishindwa, litie kwenye kikombe cha maziwa, mpande bodaboda mje nalo ndani ya saa moja. La utoto likitoka hivyo, usilirudishe. Utaumiza lililo chini yake.