Kuifufua Scania 113: Kuitambua, Kuitafutia Spea na Kupata Vitabu vya Ufundi

Malori ya Scania ya mfululizo wa tatu, likiwemo 113, yalianza kutoka kiwandani mwaka 1987, na kuanzia mwaka 1995 nafasi yake ikachukuliwa na mfululizo wa nne. Hata hivyo, 113 bado inabeba saruji, mbao na mahindi katika barabara zetu, na mwenye nayo ana sababu nzuri ya kuitengeneza badala ya kuikatia chuma chakavu. Nyingi kati yake hutumia pampu ya nozeli ya mstari isiyotegemea kompyuta, injini yake ina slivu (mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka) zinazotoka na kubadilishwa, na fundi mwenye vipimo sahihi anaweza kuifungua na kuifunga bila mashine ya uchunguzi. Kinachoziua mapema ni ukarabati wa kukisia, yaani spea kununuliwa kwa jina la gari peke yake na bolti kukazwa kwa hisia za mkono. Kwa hiyo kazi yote inayoelezwa hapa huanza na kalamu na daftari kabla ya spana.

Anza kwa kujua gari ulilonalo hasa. Katika namba 113, tarakimu mbili za mwanzo zinataja injini ya lita 11, na ya mwisho inataja mfululizo wa tatu. Ndiyo maana ndugu zake wa wakati huo ni 93 ya lita 9 na 143 ya lita 14. Herufi M, H au E inayofuata namba hiyo inaeleza uzito wa kazi ambayo chesisi iliundiwa, na herufi P, R au T inaeleza aina ya kabini, T ikiwa ile yenye pua mbele. Namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17 hugongwa kwenye fremu, kwa kawaida upande wa kulia karibu na tairi la mbele, mahali ambapo matope na rangi huificha, hivyo isugue kwa brashi ya waya taratibu mpaka isomeke. Mwanzo wake unaonyesha nchi ya kiwanda: YS2 ni Sweden, XLE ni Uholanzi, VLU ni Ufaransa na 9BS ni Brazili. Tarakimu saba za mwisho ndizo ambazo muuza spea makini atakuomba.

Usiishie hapo. Gari lenye umri wa miaka 30 limekwishabadilishwa viungo vingi, na huenda injini iliyomo ilitoka katika gari jingine kabisa. Andika namba ya injini iliyoko kwenye bloku, maandishi ya kibati cha pampu ya nozeli, ya tabo, ya giaboksi na ya difu, kisha piga picha ya kila kibati. Namba za pampu za Bosch zina tarakimu kumi, na nyingi kati ya zile za pampu kubwa za mstari za aina ya P huanza na 0 401 au 0 402. Ukiwa na namba hiyo, fundi wa pampu atajua jedwali la vipimo la kutumia bila kuuliza gari ni la mwaka gani. Namba ya injini ikitofautiana na iliyoandikwa kwenye kadi ya gari, shughulikia jambo hilo kisheria kabla ya kutumia fedha nyingi.

Vitabu vya gari vipo vya aina tatu, na wengi huvichanganya. Kitabu cha dereva kinaeleza matumizi, aina za oili na matengenezo ya kawaida. Katalogi ya spea inaonyesha michoro ya vifaa vilivyotenganishwa, kila kimoja kikiwa na namba yake. Kitabu cha gereji ndicho chenye nguvu za kukaza bolti, nafasi za valvu, mipaka ya kuchakaa na utaratibu wa kufungua na kufunga, na hiki ndicho kinachokosekana mara nyingi. Ofisi za mawakala wa Scania hutumia programu ya Multi, ambayo huonyesha katalogi kulingana na namba ya chesisi. Ukienda na namba hiyo na kueleza kwa adabu unachohitaji, unaweza kusaidiwa kupata namba ya kifaa hata kama bei yao itakushinda. Kampuni pia ina maktaba ya nyaraka za kiufundi ya mtandaoni, inayojulikana kwa kifupi TIL, ambako nyaraka hununuliwa.

Kuna njia mbili nyingine ambazo watu wachache huzifikiria. Injini za familia hii ziliuzwa pia kwa ajili ya jenereta, mashine za viwandani na boti, na vitabu vyake vinaeleza sehemu za ndani kwa undani. Hata hivyo, usichukue humo vipimo vya pampu au vya kasi ya injini, kwa sababu hivyo hupangwa kulingana na kazi. Vilevile 113 ilitengenezwa na kupendwa sana nchini Brazili, kwa hiyo maelezo ya Kireno yanapatikana, na jedwali la vipimo husomeka hata kwa asiyejua lugha hiyo. Angalia tu kizio cha nguvu ya kukaza: kitabu kimoja kinaweza kutumia nyutoni-mita (Nm) na kingine kilo-mita (kgm, si kilomita za barabara), na kilo-mita 1 ni sawa na nyutoni-mita 9.81. Anayechanganya vizio hivyo atakosea karibu mara kumi, na bolti itakatika au itaachwa imelegea. Nakala yoyote unayoipata, ya karatasi au ya simu, ihakikishe kwa kutafuta namba ya aina ya injini yako ndani ya kurasa zenyewe, kwa maana jalada peke yake halithibitishi kitu.

Spea za 113 hupatikana kwa mawakala, katika maduka ya Gerezani jijini Dar es Salaam na Kirinyaga Road jijini Nairobi, na katika yadi za magari yaliyokatwa, zikiwemo zile za Sharjah ambako wafanyabiashara wetu wengi huagiza. Kanuni yangu ni kununua kwa namba na kwa kipimo, na kamwe si kwa jina. Beringi haina kabila la gari: ile iliyoandikwa 32310 ina tundu la milimita 50, kwa sababu tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, huzidishwa kwa 5, nayo utaipata katika duka lolote la beringi. Sili hupimwa kwa kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Beringi za konrodi na za krankishafti hazinunuliwi kabla shafti haijapimwa, kwani ikiwa ilikwishachongwa siku za nyuma itahitaji saizi kubwa zaidi, na saizi hiyo hugongwa mgongoni mwa beringi yenyewe.

Spea iliyotumika inafaa kwa baadhi ya vitu na haifai kwa vingine. Nyumba ya giaboksi, mlango, ekseli au kifuniko cha difu unaweza kukinunua baada ya kukagua nyufa. Vifaa vya breki, paipu za hewa, beringi na gasketi zinunuliwe mpya. Kuwa mwangalifu hasa na boksi la usukani na viungo vyake kutoka nchi zinazoendesha upande wa kulia wa barabara, kwa sababu kifaa kinachofanana kwa sura huenda kilitengenezwa kwa usukani wa kushoto.

Kabla ya kufungua injini, thibitisha ugonjwa. Maji yanayopungua bila kuvuja nje, mapovu katika rejeta wakati injini inanguruma, au oili yenye rangi ya maziwa vyote vinaelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi, hedi yenye ufa, raba za slivu au kipozea oili. Visababu hivyo vina gharama tofauti sana, na kipimo cha presha ya mfumo wa maji, oili ikiwa imemwagwa na sampo (bakuli la oili chini ya injini) imefunguliwa, kitaonyesha tone linatokea wapi.

Slivu zikibadilishwa, sehemu inayostahili subira kubwa ni ukingo wake wa juu. Slivu hukaa ndani ya maji na kubanwa na hedi, kwa hiyo inapaswa kuchomoza juu ya uso wa bloku kwa kiasi kidogo kilichotajwa kitabuni. Safisha kikalio chake kwenye bloku mpaka chuma kionekane, weka slivu bila raba, ibane, kisha pima kwa dayo geji (kipimo cha mshale cha sehemu ndogo za milimita) mahali pane. Ikiwa kikalio kimechimbika, kipelekwe kwa mchongaji. Gasketi mpya juu ya slivu iliyozama itaungua tena hata ikiwa ni ya bei ghali kuliko zote. Baada ya kuweka raba na slivu, jaza maji kwenye bloku na uyaache kwa muda kabla ya kufunga sampo, uangalie chini kwa tochi.

Katika breki nazungumza kwa msisitizo, kwa sababu mafundi na matingo wameumia. Busta ya breki ya maegesho ina springi kubwa iliyobanwa, na mkanda wake ukifunguliwa ovyo, springi hiyo hutoka kwa nguvu ya kuua. Weka vigingi kwenye matairi, ifunge springi kwa bolti yake maalumu kabla ya kuishusha busta, na ikiwa sehemu ya springi imeharibika, badilisha busta nzima bila kuipasua. Kumbuka kwamba springi ikishafungwa, gari halina breki ya kulizuia lisibingirike. Lainingi zibadilishwe kwa ekseli nzima, na dramu ipimwe kipenyo kulingana na kikomo chake. Gari litakaloshuka mlima Kitonga na mzigo halipaswi kubahatishwa. Kabini nayo inyanyuliwe hadi mwisho, na asiingie mtu chini yake ikiwa imesimama nusu.

Gari likishafungwa, liwashe likiwa tupu, soma presha ya oili na ya hewa, kisha liendeshe mwendo mfupi na ushike kila habu kwa mgongo wa mkono kutafuta iliyo ya moto kuliko nyingine. Nati za matairi zikazwe tena kwa nguvu iliyoandikwa baada ya kilomita 50 hadi 100. Kila namba ya spea, kila kipimo na kilomita za siku hiyo viandikwe katika daftari la gari, nakala moja ikae kwa mwenye gari na nyingine kwenye kabini, ili fundi atakayeitwa njiani usiku pale Makambako au Tunduma ajue ni beringi ya saizi gani iliyomo.